Jérôme Lejeune: Daktari Aliyebaki na Wagonjwa Wake



Wiki hii zamu ya kuandika juu ya shahidi wa imani ni yangu. Nilikuwa nimeshaandaa habari za mtakatifu mwingine kabisa, tena nusu nilishaandika. Lakini wiki tatu zilizopita tulipokea majibu ya damu ya mwanetu wa kwanza, na tangu siku hiyo kuna mtu mmoja tu ambaye nimekuwa nikizungumza naye katika sala. Basi naomba mnivumilie, nitawasimulia huyo.

Kwanza mjue kwa nini. Mimi ni mzaliwa wa Kilwa Masoko. Mdogo wangu wa kiume ana selimundu. Alipokuwa na miezi saba vidole vya mikono na miguu vilivimba, akawa analia usiku kucha. Kila homa iliitwa malaria. Wengine wakasema ni jini, wengine wakamnyooshea mama kidole, kwamba kuna mahali alikosea wakati wa mimba. Mpaka anapimwa damu ya maana alikuwa na miaka minne, ameshaongezewa damu mara mbili, na mama ameshachoka kusemwa. Namshukuru Mungu yupo hai, anasoma sekondari, na yanga wake wakifungwa hakai na mtu.

Mimi nilipopimwa nilikutwa AS, yaani nabeba kinasaba kimoja cha selimundu lakini siumwi. Mume wangu tulimpima nikiwa tayari nina mimba. Na yeye AS. Wazazi wote wawili wakiwa AS, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mwenye SS, yaani mgonjwa. Si kwamba ukizaa wanne ni lazima mmoja awe mgonjwa. Kila mimba ni kura mpya.

Kwa hiyo nilikwenda Dar es Salaam kwa shangazi, nikajifungulia huko, na mtoto akatobolewa kisigino akiwa na siku mbili. Matone machache ya damu kwenye karatasi maalum, yakakaushwa, yakapelekwa maabara. Majibu: SS. Tukarudia kipimo kuhakikisha. SS.

Nililia. Sitaki kuwadanganya eti nilipiga magoti nikashukuru. Nililia, nikamkasirikia Mungu, nikamkasirikia mpaka mume wangu asiye na kosa. Rafiki yangu mmoja akanipigia simu, kwa nia njema kabisa nadhani, akaniuliza kwa nini hatukupima mapema mimba ikiwa bado changa, tukaanza upya. Sikuwa na jibu. Nikakata simu.

Aliyenisaidia ni sista mmoja muuguzi. Hakunihubiria. Alinisimulia maisha ya daktari mmoja Mfaransa, na ndiyo ninayotaka kuwasimulia ninyi.

Jérôme Lejeune alizaliwa tarehe 13 Juni 1926 huko Montrouge, pembeni mwa jiji la Paris. Alikua wakati wa vita, Ufaransa ikiwa chini ya Wajerumani. Alipokuwa kijana alisoma riwaya ya Balzac juu ya daktari wa kijijini anayewahudumia maskini, akaamua na yeye atakuwa hivyo: daktari wa shamba, mkoba mkononi, anatibu wakulima. Si ndoto ya mtu anayetafuta jina.

Mambo hayakwenda alivyopanga. Mtihani wa kuingia ngazi ya juu ya udaktari wa hospitali ulimshinda, zaidi ya mara moja. Wale mliowahi kurudia mtihani mnajua hiyo hali. Mwalimu wake, Profesa Raymond Turpin, akamchukua afanye naye utafiti juu ya watoto ambao wakati ule waliitwa wamongolia, leo tunasema watoto wenye sindromu ya Down. Mwaka 1952 alianza kazi rasmi ya utafiti, na tarehe 1 Mei mwaka huohuo alimwoa Birthe, binti kutoka Denmark, ambaye aliingia Kanisa Katoliki. Walipata watoto watano. Hela haikuwa nyingi, na nyumba ilijaa makelele.

Hebu fikiria hali ya wazazi wa watoto wale miaka hiyo. Hakuna aliyejua kwa hakika mtoto amepata nini. Watu walisema ni matokeo ya kaswende ya wazazi, au ulevi, au kwamba damu ya familia imeharibika. Mama alijifungua mtoto, na papo hapo akavikwa aibu. Wengi waliwaficha ndani, wengine waliwapeleka kwenye nyumba za kutunzia watu wakawaacha huko. Jamani, si ni yaleyale ya mama yangu? Paris na Kilwa ziko mbali kwenye ramani, lakini mdomo wa jirani ni mmoja.

Sasa kuna jambo la kisayansi hapa, naomba tulielewe. Ndani ya kila chembe ya mwili wetu kuna nyuzinyuzi ndogo ziitwazo kromosomu, ambazo zimebeba maelekezo ya mwili mzima. Mwaka 1956 ndipo wataalamu walipothibitisha kwamba binadamu anazo 46. Mwaka huohuo daktari mmoja mwanamke, Marthe Gautier, alirudi Paris kutoka Marekani akiwa na ujuzi wa kuotesha chembe hai maabara. Katika hospitali ya Trousseau alianzisha maabara karibu bila vifaa. Lejeune alijiunga naye, na mwaka 1958 ikaonekana wazi: watoto wenye sindromu ya Down wana kromosomu 47. Ile ya 21, badala ya kuwa mbili, ni tatu. Januari 1959 matokeo yalitangazwa kwa majina matatu: Lejeune, Gautier na Turpin.

Hapa nataka niwe mkweli, kwa sababu maisha ya watu wa Mungu hatuyapigi rangi. Sifa karibu zote zilimwendea Lejeune. Dk. Gautier baadaye alilalamika kwamba kazi yake ya kuotesha chembe, ambayo bila hiyo kisingeonekana kitu, iliwekwa kando. Mwaka 2014 kamati ya maadili ya taasisi ya taifa ya utafiti wa afya ya Ufaransa ilisema kuna uwezekano mkubwa mchango wa Lejeune haukuwa ndio uliotangulia wote. Wengine wanaendelea kumtetea. Mimi sina uwezo wa kuamua kesi hiyo. Ninachojifunza ni kwamba mtu anaweza kuwa mcha Mungu na bado historia ikamdai jambo, na kwamba kwenye vikundi vyetu tukumbuke kutaja majina ya waliofanya kazi jikoni.

Lakini angalia alichofanya na ugunduzi ule. Kitu cha kwanza alichokiona ni kwamba sasa anaweza kuwaambia wazazi ukweli unaowaweka huru. Si kaswende. Si ulevi. Si laana wala dhambi ya mtu. Ni kromosomu moja ya ziada, iliyotokea mwanzoni kabisa mwa uhai wa mtoto. Alipigania pia jina lile la umongolia liachwe, maana lilikuwa tusi kwa watoto na kwa taifa zima la watu. Alikaa na wazazi katika hospitali ya watoto ya Necker pale Paris, akawaita watoto kwa majina yao, si kwa jina la ugonjwa. Wagonjwa aliowafuatilia ni maelfu.

Sifa zikaja. Mwaka 1962 alipokea tuzo kutoka mikononi mwa Rais John F. Kennedy wa Marekani, ambaye dada yake mwenyewe alikuwa na ulemavu wa akili. Mwaka 1964 akawa profesa wa kwanza wa somo la jenetiki katika kitivo cha tiba cha Paris. Watu walianza kunong'ona juu ya tuzo ya Nobel.

Halafu ukaja mtihani wenyewe. Miaka ya 1960 madaktari walipata njia ya kuchota maji ya mfuko wa uzazi na kusoma kromosomu za mtoto kabla hajazaliwa. Lejeune alitafuta ugonjwa ili autibu. Sasa aliona ugunduzi uleule unakwenda kutumika kuwatambua watoto wale na kuwaondoa wasizaliwe. Fikiria umechonga ufunguo wa kumfungulia mtoto mlango, halafu mwingine anautumia kumfungia nje.

Mwaka 1969 alialikwa San Francisco kupokea tuzo ya William Allan, heshima kubwa kabisa ya wataalamu wa jenetiki wa Marekani. Angeweza kushukuru, kupiga picha na kurudi nyumbani. Badala yake alisimama mbele ya wenzake akawaambia kwamba kazi ya daktari ni kumtibu mgonjwa, si kumwua, na kwamba aliye tumboni ni mgonjwa kama wengine. Ukumbi ulipoa. Inasimuliwa kwamba aliporudi chumbani alimwandikia mkewe kuwa siku hiyo ameipoteza Nobel yake. Na kweli hakuipata.

Binti yake Clara ameandika kisa kimoja ambacho kilinitoa machozi mara ya pili. Ufaransa ilikuwa inajadili mswada wa kuruhusu kutoa mimba za watoto walioonekana na kasoro, na mjadala ulirushwa kwenye televisheni. Kesho yake mvulana mmoja mwenye sindromu ya Down aliingia kliniki akilia. Alikuwa ameelewa kila neno. Alimkumbatia Lejeune, akamwomba awatetee, kwa sababu wao hawajui kujitetea. Tangu siku hiyo Lejeune hakukaa kimya tena. Alikwenda kila alikoitwa. Kuta za chuo ziliandikwa maneno ya kumtisha, marafiki wakapungua, na fedha za utafiti zikakatwa. Mwaka 1975 sheria ya kuruhusu utoaji mimba ilianza kazi nchini mwake. Kwa hesabu za dunia, alishindwa.

Lakini kliniki yake haikufungwa. Asubuhi mikutano, mchana wagonjwa, usiku darubini. Aliamini tiba itapatikana, na aliitafuta mpaka mwisho. Mwaka 1974 Papa Paulo VI alimteua katika Taasisi ya Kipapa ya Sayansi. Baadaye akawa rafiki wa Papa Yohane Paulo II. Tarehe 13 Mei 1981 yeye na Birthe walikula chakula cha mchana na Papa, na jioni ileile Papa akapigwa risasi uwanjani. Mwishoni mwa mwaka huo Papa alimtuma Moscow pamoja na wanasayansi wengine kumweleza Brezhnev hatari ya vita vya nyuklia.

Mapema mwaka 1994 Papa alianzisha Taasisi ya Kipapa kwa ajili ya Uhai, na Lejeune akawa rais wake wa kwanza. Alikuwa tayari na saratani ya mapafu. Aliiongoza kwa wiki chache tu. Kitandani, watoto wake walipomuuliza awaachie nini wagonjwa wake, alisikitika kwamba anaondoka bila kuwapatia tiba, kana kwamba anawatelekeza. Alifariki tarehe 3 Aprili 1994, asubuhi ya Jumapili ya Pasaka.

Vijana, miaka mitatu baadaye, Agosti 1997, Papa Yohane Paulo II alikwenda Paris kwa Siku ya Vijana Duniani. Katikati ya ratiba ile nzito alichomoka kwenda kijiji cha Chalo-Saint-Mars, akasali kwenye kaburi la rafiki yake. Tarehe 21 Januari 2021 Papa Fransisko aliidhinisha tamko kwamba Lejeune aliishi fadhila za Kikristo kwa kiwango cha kishujaa. Bado hajatangazwa mwenyeheri, lakini tunaruhusiwa kumwomba faraghani atuombee. Mimi namwomba kila siku.

Sasa nirudi kwenye simu ya yule rafiki yangu.

Baada ya kusikia habari hizi niliogopa jambo moja: je, kumbe kupima ni vibaya? Sista akacheka. Lejeune hakuwahi kuwa adui wa kipimo. Maisha yake yote yalikuwa kupima. Akanieleza juu ya mtu mwingine wa miaka ileile, Robert Guthrie wa Marekani. Huyu alikuwa na mtoto wake mwenye ulemavu wa akili, na katika ukoo wa mke wake alikuwepo binti mwenye ugonjwa wa kurithi uitwao fenilketonuria, ambao huharibu ubongo polepole kwa sababu mwili hauwezi kusaga sehemu fulani ya protini. Mtoto akigunduliwa siku za kwanza na kupewa chakula maalum, anakua salama. Akichelewa, madhara hayarudi nyuma. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Guthrie alibuni njia ya kupima watoto wachanga wengi kwa tone la damu ya kisigino lililokaushwa kwenye karatasi. Nchi nyingi sasa hupima hivyo kila mtoto, kwa magonjwa mengi. Karatasi ya mwanangu ni mjukuu wa karatasi ile.

Kwa hiyo tofauti haiko kwenye sindano. Swali ni unapima ili ufanye nini: umpokee huyu mtu vizuri zaidi, au uamue kama anastahili kuwepo.

Na kwa selimundu, kujua mapema ni uhai wenyewe. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na ugonjwa huu duniani, makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kama 11,000 kila mwaka. Sisi wa pwani tuna sababu yetu: anayebeba kinasaba kimoja anapata kinga fulani dhidi ya malaria kali, kwa hiyo kinasaba kimeshamiri kule kulikokuwa na mbu kwa karne nyingi. Daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, ndiye aliyeonyesha uhusiano huo mwaka 1954. Upimaji wa watoto wachanga umefanyika kwa majaribio Muhimbili, na pia Mwanza, ikiwemo Bugando, hospitali ambayo sisi Wakatoliki tunaiita yetu. Lakini bado si kila mtoto anayezaliwa nchini anapimwa. Mtoto wa Nangurukuru au wa Kisiwani bado anaweza kufika miaka minne bila mtu kujua, kama mdogo wangu. Wengine hawafiki.

Mwanangu sasa ana miezi miwili. Ameanza dawa ya penisilini, asubuhi na jioni, na ataendelea nayo mpaka miaka mitano, kwa sababu vimelea vya nimonia huua watoto hawa haraka. Chanjo zake hazirukwi. Chandarua hakishuki. Nimefundishwa kumpapasa bandama, nijue likivimba ghafla nikimbie hospitali. Homa yoyote ni hospitali, hatusubiri asubuhi. Akikua kidogo, daktari ataamua lini aanze haidroksiurea, dawa anayotumia mjomba wake sasa, na kweli imempunguzia maumivu. Mdogo wangu alipoambiwa alinyamaza muda mrefu, halafu akamchukua mtoto mikononi, akakaa naye barazani mpaka jua lilipozama. Mama yangu alisema safari hii hakuna mtu wa kumnyooshea kidole mama. Jirani yetu, mama wa Kiislamu aliyenilea tangu mdogo, alileta uji, akamshika mtoto, akamwombea kwa namna yake. Nikaitikia amina.

Ninyi mlio wachumba, naomba mnisikie kama dada yenu. Pimeni kabla. Kipimo cha damu tu, tena kabla ya pete, mapenzi yakiwa bado yanasikia. Kanisa halikatazi AS na AS kufunga ndoa, lakini ni haki yenu kuingia mkijua, mkazungumza na daktari, mkazungumza na paroko, mkasali. Sisi tulichelewa kujua. Na ninyi mnaojifungua ndani ya mwaka huu, ulizeni kuhusu kipimo cha mtoto. Ukiambiwa hapo hakipo, ulizeni wapi kipo.

Yule rafiki nilimpigia simu juzi. Nilimwambia hatuanzi upya, tumeshaanza, na kwamba Jumapili ya ubatizo aje na kamera yake nzuri. Amekubali.

Tusali: Ee Bwana Yesu, uliyepokea watoto ukawawekea mikono, tunakushukuru kwa mtumishi wako Jérôme, aliyetafuta tiba maisha yake yote, akakosa kuiona, wala hakuwaacha wagonjwa wake. Wape hekima wanaochunguza damu za watoto wetu. Wape nguvu mama wanaokesha. Tupe moyo wa kujua ukweli na kubaki. Amina.

Kazi ya wiki hii: mtembelee mtoto mmoja mgonjwa unayemfahamu, na umwite kwa jina lake.